Mafiga matatu yaliyonifanya niitwe mwizi njia ya Geita

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, na kidole ninachoandikia bado kinauma. Siongezi chumvi.

Mimi husafiri kwa baiskeli peke yangu, hema limefungwa nyuma kama mtoto aliyelala mgongoni. Safari hii nilitoka Nyahanga, pale Kahama, kuelekea Geita kwa njia za ndani.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, miguu iligoma. Nikaona uwazi mzuri chini ya kilima. Hapakuwa na nyumba, nikajiambia sina wa kumwomba ruhusa.

(Kosa la kwanza hilo.)

Nikasimamisha hema, nikatafuta mafiga. Hatua kama hamsini kulikuwa na rundo la mawe limefunikwa matawi makavu. Nikachomoa matatu yanayolingana, nikawasha moto, nikabandika chai.

Maji hayajachemka, nikasikia mwano. Kwa msio wa huku, hilo ni yowe la kuitana. Ukilisikia, unatoka na chochote ulichoshika. Nikasimama nione anakimbizwa nani.

Wakuu, ni mimi.

Walitoka vichakani kama kumi na watano, sururu na fimbo mikononi. Mbele yao mwanaume mrefu, wakimwita Masanja.

"Mwizi wa mawe huyu! Shikeni baiskeli!"

"Kaka, napika chai tu."

"Chai?" Akapiga teke sufuria. Mafiga yakabaki yamekaa, meusi, yanafuka. "Oneni! Ameshayachoma!"

Ndipo nikaelewa. Lile rundo lilikuwa mawe ya dhahabu, jasho la wiki tatu la Masanja na wenzake ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, yakingoja kupondwa. Na kwao jiwe gumu huchomwa kwanza ili lilegee. Kila nilipotaja chai, masizi yalinikanusha.

Wakanifunga mikono kwa mpira niliofungia hema. Nyuma kuna aliyetaja petroli, kwa sauti ya kawaida tu, kama anaagiza soda.

Akaja mama mmoja, mikono myeupe kwa vumbi. Mama Kulwa, mponda mawe wao.

"Shikamoo, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi.

"Marahaba. Mfungueni. Mpeni nyundo."

"Mama Kulwa, unatupotezea muda!"

"Masanja, mwizi wa mawe anajua kuponda. Haya baba, ponda."

Wakaniwekea kokoto bovu. Sikujua nipige vizuri au vibaya. Ipi ingeniua?

Nikapiga. Jiwe likaruka. Nikalishika, nikapiga tena kwa nguvu zote, nikapata gumba langu.

Nililia, wakuu. Kwa sauti.

Mtu akacheka. "Huyu hata karanga hajawahi kuponda!"

"Anaigiza," Masanja akasema.

Mama Kulwa akainua gumba langu, damu ikichuruzika. "Anayeigiza hajipigi hivi. Njoo uone ukucha."

Masanja akaja, akaangalia. Hakucheka. Alipiga magoti kwenye jivu, akaokota yale mafiga matatu na kila kipande kilichobanduka, akayafuta kwa shati lake.

"Nani hufunika mawe yasiyo na mwenyewe?" akaniuliza.

Nikapiga magoti kando yake, nikamwomba msamaha.

Usiku ule nililala kambini kwao, hema katikati yao. Asubuhi Mama Kulwa akazunguka kwenye mawe ya kutupwa, akanichagulia matatu. "Haya hayana kitu. Pikia."

Nimeyabeba hadi Geita, milima yote ile, na sikuthubutu kuyatupa njiani.

Siku hizi kabla ya hema natafuta mwenyekiti wa kitongoji, shikamoo kwanza, hata kama ni kurudi nyuma kilomita tano.

Nanyi mnaolala porini na baiskeli, huwa mnajitambulisha kwa nani? Na mafiga mnatoa wapi? Karibuni, ila msinicheke sana. Ukucha bado mweusi.