Mafundi wa Ngozi ya Binti Yangu

Binti yangu wa pili alizaliwa mweupe. Siku hizi mnasema ana ualbino. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa kule Bukiriro, wanaume wengi wako vitani, na shamba la kijiji linataka kila mkono. Mwenyekiti wetu alipita milangoni alfajiri, sauti kama debe tupu: "Kira mtu shambani! Adui harari, nasi haturari!" Yeye alilala sana tu, mkoromo ule tuliusikia wote.

Binti alikuwa ameanza kushika jembe la watu wazima. Mama mkwe akampaka samli ya ng'ombe, uso, masikio, mabega, kama bibi harusi. "Jua litateleza!" anasema, pua juu. Mtoto akang'aa. Jioni kaiva, na sikioni kikatoka kidonda, kikagoma kupona.

Zahanati kulikuwa na mganga kijana, anaongea polepole kama anayetafuna muwa. "Mama, mtoto umemkaanga."

"Hayo mwambie mama mkwe wangu na samli yake," nikamwambia. "Mimi nimemleta tu."

Akacheka, akachukua kamba niliyokuwa nasokota. "Kila chembe ya ngozi ina kamba kama hii, nyuzi mbili zimesokotwa, ndogo jicho halioni. Ndiyo inayoiambia ngozi namna ya kuishi. Jua linatia fundo kwenye uzi mmoja. Humo humo kuna mafundi. Wanakata kipande chenye fundo, wanatazama uzi wa pili uliobaki mzima, wanatengeneza kipya kwa kuufuata huo."

"Na wangu hana mafundi?"

"Anao kama wewe. Ila wewe weusi wako unakukinga. Yeye anachomwa sana, mafundi wanazidiwa. Mafundo yakibaki, huko mbele yanaweza kuleta kansa. Sikio hili bado tunaliwahi, mpake dawa hii. Mtoe juani."

Nikaenda kwa mwenyekiti shambani, mama mkwe nyuma yangu. Nikaeleza yote. Mwenyekiti akakuna kidevu.

"Hao mafundi ni wa kijiji gani? Mbona kazini siwaoni?"

Wanawake wakacheka. Mimi machozi yalikuwa karibu. Ndipo mama mkwe akasogea, kidole kimenyooka: "Wewe! Nilikupokea mimi siku unazaliwa, unalia kama mbuzi. Mimi nimemkaanga mjukuu wangu mara moja, nimekoma. Wewe unataka kumkaanga kila siku?"

Mwenyekiti akatazama viatu vyake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, sema."

"Basi, arime arfajiri. Jua rikitoka, akapukuchue mahindi gharani."

Ikawa hivyo. Nikamfunga kitenge kichwani mpaka masikioni, akawa anapukuchua kivulini, anaimba. Dawa ya mganga ikafanya kazi yake, na mafundi wakapata nafasi ya kufanya yao. Sikio likakauka, ngozi mpya ikaota.

Wanawake wakaona wivu. Mmoja akaumwa kichwa, mwingine tumbo, wote wanataka ghalani. Mimi nami nikamwendea mwenyekiti nimejishika kiuno.

Mwenyekiti akanitazama. "Na wewe mgongo? Jana jioni si urikuwa unacheza ngoma? Kamata jembe, mama. Rima!"