Siku Notburga Alipofunga Mdomo

Kama hujawahi kumsikia wifi yangu Notburga akiuza maboga, basi Songea umepita tu, hujafika. Na sisemi hivi kwa kumpendelea, maana huyo mwanamke ananitia hasira tangu siku niliyoolewa na kaka yake. Lakini haki yake apewe. Jumamosi asubuhi, pale kwenye gulio letu dogo la Msamala, wakulima tunapotandika viroba chini na kila mmoja kupanga alichovuna, wewe simama tu barabarani utamsikia: "Boga! Boga la Lilambo! Baba wee, hilo tumbo limejaa chipsi, njoo nikupe boga ulale usingizi wa mtoto!" Na huyo baba, badala ya kukasirika, anacheka na kuja kununua. Akija mwenye mke, wifi anamsifia mke. Akija asiye na mke, anatafutiwa hapohapo.

Mdomo huo ndio uliomlea. Mumewe Thadeo alipofariki alimwachia kishamba kule Lilambo, binti mgongoni, na mashemeji waliokuwa wakilitazama lile shamba kama paka anavyotazama dagaa. Wifi hakwenda kwa mwenyekiti wala mahakamani. Jumapili moja misa ilipokwisha, alisimama pale nje ya kanisa akaanza kuwasimulia watu, kwa sauti tamu kabisa, jinsi mashemeji zake walivyo na huruma, mpaka wanataka kumsaidia kulibeba hata shamba. Watu walicheka wakashika mbavu. Wiki ile ile mashemeji wakaja wenyewe kumwomba anyamaze, shamba libaki lake. Akalima, akauza, akamsomesha Careen mpaka akawa fundi nguo. Leo Careen ana cherehani yake Majengo.

Sasa mdomo huohuo ukaja kumponza huyo huyo Careen. Mnajua desturi: kabla watu hawajaleta barua ya posa, humtuma mmoja wao apite kimyakimya, amwangalie mama wa binti wakati mwenyewe hajui kama anaangaliwa. Mwaka juzi alitokea kijana wa watu, kazi nzuri, sura nzuri. Shangazi yake akapita gulioni. Akamkuta wifi anamfokea mteja mmoja aliyekuwa anabonyezabonyeza nyanya zangu: "Wewe kaka, hizo ni nyanya, siyo mashavu ya mchumba wako!" Gulio zima likaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Aligeuka akaenda zake, na barua haikuja mpaka leo. Careen alimwambia mama yake, "Mama, ni mdomo wako," akaingia ndani akalia, na wifi naye akalala kitandani kama mtu mwenye malaria.

Ndipo akatokea Valence. Mwalimu wa sekondari, Mhehe wa Iringa, mpole, mrefu mpaka anainama mlangoni. Huyu Careen alimpenda kweli, usoni tu ulikuwa unaona. Baada ya Pasaka, Valence akashindwa kuficha siri. Akamwambia Careen kwamba Jumamosi mtu wa kwao atapita gulioni. Nani? Hilo hakulisema, desturi inakataza.

Ijumaa jioni wifi akaja kwangu, akakaa jikoni, akashika kichwa.

"Wifi, kesho nafunga mdomo."

"Wewe?" nikamuuliza. "Utaufunga na nini, kamba ya katani?"

"Usinicheke. Huyu naye akiondoka, mwanangu hatanisamehe. Na mimi mwenyewe sitajisamehe. Kesho ukiona nataka kusema, nikanyage mguu."

Basi Jumamosi ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, matope mekundu kila mahali, lakini gulio lilichangamka jamani! Mahindi mabichi yamerundikwa, majani ya maboga, uyoga wa mwisho wa msimu, magimbi yana udongo bado. Wifi alikuwa amevaa kitenge cha sherehe na kukaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Kila anayepita: "Karibu mama. Ahsante baba. Mungu akubariki." Wateja wakawa wanamtazama kwa wasiwasi. Mmoja akaninong'oneza, "Amefiwa?"

Jua lilipoanza kupanda, akaja mama mmoja mnene, gauni la kushonesha, mkoba mkononi, anapita taratibu huku anaangalia kila kitu. Akafika kwetu, akanyanyua boga, akasema, "Heee, makubwa! Kwetu Iringa saa hizi maboga kama haya huyapati."

Iringa! Wifi aliniminya mkono karibu uvunjike.

"Tumsifu Yesu Kristo," wifi akasema kwa kasauti kadogo ambako sijawahi kukasikia.

"Milele amina," yule mama akajibu.

Kikatolewa kiti. Ikatolewa togwa, ile nzito ya wifi, kikombe kikubwa. Mama akanywa, akasifia, akaongezewa. Wifi akamjazia kikapu: boga, maharage, mahindi. Alipoulizwa bei akasema, "Aa mama, wewe ni mgeni, utalipaje?" Mgeni hakubisha hata kidogo! Kisha wifi, bila aibu, akanyoosha mkono akachota na nyanya ZANGU, sado nzima, akamimina kikapuni. Nilitaka kupiga kelele. Nikamfikiria Careen, nikameza.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa mpaka tuliposikia sauti nzito nyuma yetu ikisalimu Kihehe: "Kamwene!"

Alikuwa mzee mmoja mwenye koti refu la baridi na kofia ya pama. Akasimama mbele ya maboga, mikono kiunoni.

"Hapa ndipo Wangoni wanapouza panya? Nimeambiwa mmestaarabika, siku hizi mnauza maboga. Nikasema siamini mpaka nione kwa macho yangu."

Kicheko kikapasuka kila upande. Ninyi mnajua, Mngoni na Mhehe ni watani tangu babu zetu walipopigana mikuki mpaka wakachoka wote. Mtani akikuanza, lazima umjibu. Ukimnyamazia umemkataa, ni kama umemwambia si mtu. Kwa hiyo watu wote wakageuka kumtazama Notburga, wengine wameshaweka mizigo chini ili wacheke vizuri.

Wifi akamtupia jicho mama wa kwenye kiti.

"Karibu mzee. Maboga yapo."

Hata aliyekuwa anakata majani ya maboga aliacha kukata. Mtauliza, hivi hamkujiuliza huyu Mhehe ni nani? Tungejiulizaje, na mgeni wetu alikwishakaa kitini anakunywa togwa kikombe cha pili? Wahehe wamejaa tele hapa mjini.

Mzee alionekana kama aliyemwagiwa maji. Akainama, akachagua boga kubwa kuliko yote, akaliweka begani. "Hili ni letu. Babu yenu alilidondosha alipokuwa anamkimbia babu yangu." Akaanza kuondoka nalo taratibu. Hiyo nayo ni haki ya mtani, anaweza kuchukua na usiseme kitu, ila umrudishie kwa maneno. Nilimwangalia wifi. Midomo inatetemeka, shingo imemtoka mishipa, jasho linamtiririka. Nikamkanyaga mguu kama alivyoniagiza.

Mzee akageuka. "Kumbe kweli Wangoni mmekwisha? Nani kawafanya mkawa hivi, jamani? Masikini! Nitawaombea."

Kuombewa na Mhehe! Hapo hata mimi nilitoa mguu.

"WEKA BOGA LANGU CHINI, MLA MBWA WEE!" Sauti ilitoka kama bomba lililopasuka. "Wenzangu, tangu huyu ameingia hapa, mmeona mbwa hata mmoja? Wamehama wote! Babu yangu akimbie? Babu yangu alikuwa anamtafuta babu yako, mwenzake kajificha ndani ya kihenge cha mahindi! Ndiyo maana mpaka leo mkiona kihenge mnakiamkia shikamoo!"

Weee! Gulio lililipuka. Watu walipiga vigelegele, mwuza uyoga akakaa chini kwenye matope kwa kicheko. Wifi akaruka viroba, akamvua mzee ile kofia, akalivisha boga. "Hii huipati mpaka uniuzie maboga yote! Si umekuja kuiba? Basi fanya kazi!"

Na mzee akafanya kazi! Akasimama nyuma ya maboga, kichwa wazi, akaanza kunadi: "Njooni mnunue kwa huyu mama mkali, boga lake tamu kuliko mdomo wake!" Wifi anajibu, "Njooni mnunue, muuzaji nimemfunga, hang'ati!" Huyu akitupa, yule anadaka. Watu wakaja kutoka barabarani, madereva wa bodaboda wakaegesha pikipiki zao, kila mmoja anataka boga, anataka kutukanwa kidogo. Nyanya zangu pia ziliondoka kama zinagawiwa. Jamani, nilifurahi! Sijawahi kuliona gulio letu limechangamka vile.

Katikati ya furaha hiyo nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Yule mama mnene alikuwa anapanda bodaboda, kikapu mapajani, anatupungia mkono.

Wifi naye akaona. Akakaa chini palepale.

"Wifi, ameondoka," akaniambia.

"Nimeona."

"Amenisikia nikisema mla mbwa."

"Hata walioko Majengo wamekusikia."

Hakucheka. Machozi yalimtoka, na mimi niliyekuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia, nikamshika bega. Sikuwahi kumwona akilia mbele za watu, hata siku tulipomzika Thadeo.

"Mtani, kulikoni?" mzee akauliza.

"Niondokee," wifi akasema. "Umemharibia mwanangu. Nilijizuia asubuhi yote, wewe ukaja ukanifungua. Sasa nitamwambia nini?"

Wakati huohuo Careen akatokea, ndoo ya togwa kichwani. Akatuona, mama yake analia, mzee kavuliwa kofia, boga limevishwa. Akaitua ndoo haraka, akapiga magoti kwenye matope na gauni lake jipya.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, binti yangu."

Wifi aliinua uso polepole. "Baba mkubwa wa nani?"

"Wa Valence, mama. Huyu ndiye baba mkubwa Otto. Nilimwona kwenye picha za jubilei yao."

Mimi nikanyoosha kidole kwenye kiti. Nikasema, "Na yule mama wa kwenye kiti?"

"Simjui," mzee Otto akajibu. "Nilivyoona mnampa kila kitu, nilidhani ni ndugu yenu."

Sado yangu ya nyanya!

Wifi alijifunika uso kwa kitenge. Mzee Otto akachuchumaa mbele yake, akaongea taratibu, sauti ya utani imemwisha.

"Mama Careen, mimi nimepita hapa mara mbili asubuhi hii kabla sijaja kwako. Nikakuona umekaa, karibu mama, ahsante baba. Nikaumia. Nikajisemea, huyu siye mama niliyesimuliwa na Valence. Yule kijana mama yake alikuwa na mdomo kama wako, nyumba nzima ilikuwa inacheka. Alipofariki, tukanyamaza wote. Tunakula kimya, tunalala kimya. Valence aliponiambia kuna nyumba Msamala mtu hanuni, nilipanda basi mwenyewe. Kama usingenijibu leo, ningerudi na boga lako na majibu mabaya."

Careen alikuwa bado amepiga magoti, sasa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi pia, kwa nini nidanganye.

"Kwa hiyo barua...?" wifi akauliza, hakumaliza.

"Siyo kesho, Jumapili inayofuata mshenga ataileta." Mzee akainuka, akajikung'uta koti. "Ila ujue, kwetu mkwe hataniwi. Barua ikishaingia mlangoni kwako, mimi na wewe itakuwa ni habari za leo mkwe, na macho chini, mpaka mmoja wetu azikwe."

Wifi akapangusa machozi kwa ncha ya kitenge. Akamtazama yule mzee kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyenye matope. Kisha akavuta kile kiti kitupu, akakisukuma mbele yake.

"Jumapili hiyo bado mbali," akasema. "Kaa hapo, mla mbwa. Sijamaliza."