Abuu na Risiti ya Kitimoto

Bertilla anasema aliambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake. Abuu, dereva wa lori, jirani yake wa ukuta kwa ukuta hapa Mazwi, alikaa kwenye baa moja ya Chanji, akaagiza kitimoto, nyama ya nguruwe, kilo nzima na bia tatu, akala mpaka akalamba vidole. Na ushahidi upo, anasema. Risiti imefika ofisini kwa kina Abuu.

"Mimi simlaumu," anasema Bertilla, ungo wa ulezi mapajani. "Nimemwambia tu, shemeji, karibu upande wetu. Misa ya kwanza ni saa moja."

Abuu hacheki. Ni Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, naye kwenye maegesho ameshalizunguka lori lake mara nne. Anakaza kamba ya turubai, anailegeza, anaikaza tena. Saruji imeshapakiwa. Safari ya Kasesya ni Jumatatu, na hajui kama ni yeye atakayeshika usukani.

Ana miaka arobaini na sita, kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza barabarani. Mshahara wake ni laki nne na nusu. Kinachomsogeza ni posho, elfu thelathini kwa siku ya safari, ya kula na kulala. Analala ndani ya lori, anakula kidogo, na kinachobaki kinamfikia mkewe Kulsumu na watoto watatu.

Mwaka huu mhasibu wa kampuni, Jenifa, aliwaita madereva. Akawaeleza taratibu kwamba sheria ya kodi imebadilika. Posho yenye risiti ya mashine itahesabiwa gharama ya kazi. Isiyo na risiti itahesabiwa mshahara, ikatwe kodi kama mshahara. Mmoja akauliza kama usingizi nao una risiti. Wakacheka, wakatawanyika.

Kicheko kiliishia Kasesya. Pale mpakani foleni ya kuvuka huweza kula siku tatu, na madereva hawa hawaendi hotelini. Wanakula sufuria moja. Huyu ananunua unga, yule maharage, mwingine dagaa wa Kasanga, na jiko la mkaa linawekwa kwenye kivuli cha tairi. Siku ya kuku, kisu anapewa Abuu, ili Mkristo na Mwislamu wote wale bila maswali. Mama anayewauzia unga hana mashine. Ana kopo la kupimia.

"Tunashiba watu sita kwa elfu kumi na mbili," anasema Oswaldi, dereva mwenzake. "Risiti nimwombe nani, dagaa?"

Mwezi wa kwanza Abuu alikatwa kodi. Mwezi wa pili, akisubiri fundi wa tairi pale Chanji, akaona karatasi zimetupwa kwenye baraza la baa. Akaokota nne, zimekunjwakunjwa, moja ina doa la mafuta. Hakuzisoma. Mwenye kuokota hakai kusoma. Anatia mfukoni huku anaangalia pembeni.

Zilipofika ofisini kama zake, Jenifa ndiye aliyesoma. Alimwita, akaigeuza karatasi mezani imwelekee. Kitimoto kilo moja, bia tatu, ndizi.

"Kaka Abuu, hii ni yako?"

Hapo akakwama. Akisema si yake, amekiri kuleta risiti za kuokota, na kampuni ilishawaonya kwamba hilo ni kosa la kufukuzwa. Akisema ni yake, kazi inabaki, ila anarudi nyumbani mla nguruwe. Akaomba ajibu kesho. Zikapita siku nane. Ndani ya siku hizo mtu wa ofisini akaropoka, habari ikafika Mazwi kabla mwenyewe hajaisema.

Tangu hapo Abuu hatulii. Msikitini anakaa safu ya mwisho na kutoka kabla watu hawajapeana mikono. Nyumbani, Kulsumu hakumuuliza kitu. Alichofanya ni kuisugua sahani ya mumewe kwa majivu kila alipomaliza kula, mara mbili, mara tatu, bila kuinua uso. Juzi ndipo akasema.

"Baba Husna, kama umekula, niambie umekula. Kama umedanganya, niambie umedanganya. Naweza kuishi na kimoja. Vyote viwili siviwezi."

Akamwambia aliokota, hakula. Kulsumu akachana karatasi mbili kwenye daftari la Husna, akamwekea kalamu juu yake.

Barua ilifika ofisini jana. Ndani yake Abuu amekiri kuokota, na hakumtaja dereva mwingine. Kisha ameomba jambo. Madereva wa sufuria moja wanunue unga na maharage hapa mjini, kwenye duka lenye mashine, wapewe risiti moja, na kila mmoja asaini fungu lake.

"Kodi siikatai," anasema. "Nataka tu wajue tunavyokula."

Akibakishwa kazini, anasema, ataanza na safari hii hii. Duka ameshaliona, na Oswaldi amekubali.

Saa mbili kamili anampigia Jenifa. Anapokea haraka. Barua ameisoma, anasema, na bosi naye ameisoma.

"Dada Jenifa, naomba unijibu moja tu. Jumatatu niendeshe, au nilete funguo?"

Upande wa pili kiti kinasogezwa. Mlango unafungwa. Simu haijakatwa, dakika zinahesabika kwenye kioo, na Abuu ameibana sikioni kwa mikono yote miwili.