Wenziwe Mama Katika Kitabu cha Jubilei

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilikuwa napita Mwembe Tayari nikamwona muuza vitabu kuukuu ametandaza turubai lake. Kati ya kamusi zilizochanika palikuwa na kitabu cha picha cha ukumbusho, cha msikiti uliotimiza miaka hamsini. Nikakinunua. Nyumbani mume wangu alitikisa kichwa, akaniuliza nyuso za watu nisiowajua zanihusu nini. Kabati letu limejaa vitabu hivyo: vya shule, vya vilabu vya mpira, hata kimoja cha wavuvi wa Liwatoni. Yeye sikumjibu. Wewe nitakueleza.

Nililelewa na bibi Mji wa Kale, ghorofani. Mama alifariki ningali nanyonya. Picha yake ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, nayo paa lilipovuja wakati wa masika ikageuka doa la kahawia. Ndipo bibi akaanza kukusanya vitabu vya ukumbusho, huenda mama akatokea humo. Kurani aliisoma vizuri, lakini herufi za Kizungu zilimshinda, kwa hivyo maandishi ya chini ya picha nilimsomea mimi. Kila Alhamisi nikivipangusa na kutia karafuu baina ya kurasa, mende wasile.

Aliyemletea ni jirani yetu wa chini, Mhindi Mwislamu mwenye duka la vitambaa. Watayarishaji wa vitabu hivyo walimwomba tangazo la duka, kisha wakampa nakala. Yeye akimwita bibi "mama", na bibi akimwita "bhai", yaani ndugu kwa Kihindi.

Alasiri moja, nikiwa na miaka tisa, alipanda ngazi na kitabu cha jubilei ya shule ya wasichana aliyosoma mama. Bibi alikuwa akikaanga kaimati. Nikafunua mpaka kwenye picha ya darasa la saba, wasichana safu tatu, jina hapana hata moja. Bibi akafuta mikono kwa leso, akainama, akaweka kidole.

"Ndiye mamako," akasema. "Kichwa akikiinamisha upande hivyo tangu mdogo."

Siku ile nilikuwa nimeingoja miaka, nikidhani moyo utamtambua wenyewe. Nikaona msichana mgeni, soksi moja imemshuka. Niliona haya, nikalia. Bibi alidhani ni furaha, nami sikumwambia. Kaimati zikaungua.

Jirani, kwa huruma yake, akasema atateremka kuleta mkasi. Atamkata yule msichana, ampeleke studio akakuzwe, atiwe fremu. Bibi akakifunika kitabu kwa kiganja.

"La, bhai. Usimtoe kwa wenziwe."

Kisha akaanza kuwataja, mmoja mmoja kwa jina, tangu kushoto. Huyu alicheka darasani hata akatolewa nje. Huyu aliolewa Lamu. Huyu akija kula kwetu kila Ijumaa, na mama akimwachia ukoko wa wali. Jirani aliketi akasikiliza, duka amelisahau, mpaka ikaadhiniwa magharibi. Nilipowajua wale wengine, ndipo yule wa soksi akaanza kunizoea.

Yule wa ukoko tulimtafuta, tukampata Makupa. Alipofungua mlango hakusalimu kwanza. Alinishika mashavu, akaninyoosha polepole kichwa nilichokiinamisha upande kama mama bila kujua, akalia.

Bibi hayupo tena. Wana wa jirani waliuza duka wakahamia ng'ambo, na sasa pale zauzwa kava za simu. Jubilei bado hufanywa, lakini picha hukaa kwenye simu, na simu ikipotea nazo zimekwenda. Mimi navikusanya vilivyosalia, huenda mtu akamtafuta wake humo.

Ila kosa moja nalijutia: yale majina sikuyaandika. Nilidhani bibi atakuwepo kuyarudia. Wasichana ni ishirini na wanne, nami nawakumbuka saba. Waliobaki nawatizama tu, nao wananitizama.