Mzee Moriwaki Asiyekufa

Mzee Moriwaki aliezeka mapaa ya watu maisha yake yote. Alipostaafu akajiunga na wapiganaji wa Jumapili katika msitu wa mianzi wa hapa kwetu Chiba, Japani. Hupigana kwa bunduki za mchezo, zinazotema vipira vya plastiki vidogo kama choroko. Kipira hakiachi rangi wala alama, ukipigwa unasema mwenyewe, "Nimepigwa!", unanyanyua mkono, unatoka. Anayenyamaza huitwa zombi, naye zombi hufukuzwa moja kwa moja. Mimi nauza langoni supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, kwa hiyo wafu wote hupitia kwangu.

Januari ile, Mzee Moriwaki akawa hafi.

"Bibi, yule babu ni zombi," kinyozi Tsuruoka alininong'oneza. "Nimempiga kifua, mgongo, hata makalio. Anatembea tu kama anakwenda sokoni!"

Wengine nao wakaanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Mwenye uwanja akasema, lalamiko moja tu zaidi, aende zake. Aende wapi? Alifiwa na mkewe, nyumbani alikuwa akizungumza na birika.

Mimi nikamshuku kila mtu, kisha nikazishuku bunduki. Ya mzee ni ya springi: anavuta kwa mkono, kipira kimoja, anavuta tena. Ya mwenye uwanja ni ya umeme: betri inazungusha mota, mota inavuta springi, trrrr, vipira kama mvua. Ya Tsuruoka husukumwa na gesi inayojazwa kwenye magazini, kile kikasha cha vipira kinachochomolewa. Na asubuhi ile maji ya ndoo yangu yalikuwa yameganda.

"Kinyozi, hebu piga mfuniko wa sufuria yangu."

Akafyatua. Pfff! Kipira kikatoka kwa uvivu, hata kunguru akakidaka hewani, akakitafuna, akakitema na kututukana. Mfuniko kimya.

"Gesi yako imelala kwa baridi, mwanangu."

Nikaichukua magazini, nikaitia kifuani mwangu, palipowahi kulala wajukuu tisa. Ilipopata joto akafyatua tena. Ting! Mfuniko ukaruka hadi uzioni. Nikairudisha kifuani isipoe.

Mzee alipofika langoni, Tsuruoka akamwinamia mpaka pua ikakaribia magoti. "Nisamehe, mzee wangu. Kumbe vilikuwa havikufikii."

"Viwili vitatu vilinidondokea kofiani," mzee akasema. "Nilidhani ni umande wa mianzi."

Wakacheka, wakarudi msituni. Hata sijakoroga supu, nikasikia, "Nimepigwa!" Mzee huyo anakuja, mkono juu.

"Nani kakuua upesi hivyo?"

"Tsuruoka."

"Tsuruoka? Magazini yake si hii hapa kifuani kwangu!"

Mzee akaitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Basi nipakulie, Bibi, kabla wafu wa kweli hawajafika."

Tangu siku hiyo hufa wa kwanza kila Jumapili. Nami bado namshuku.