Mgeni Aliyekuja Kutazama Mto

Nchi yetu ya Rufiji haikuwa nchi ya kutembelewa. Waliofika walifika na haja zao: huyu anataka boriti za mikoko, huyu sandarusi, huyu anataka tulime pamba ya serikali kwa kiboko. Mwaka wa Maji Maji, kabla vita havijatufikia, alikuja mtu kutoka Unguja asiyetaka chochote katika hivyo. Alisema amekuja kutazama.

Mimi nilikuwa kigori, sijachezwa unyago bado, lakini akili ninayo. Kiangazi kile tulikuwa tumehamia shambani, ukingoni mwa mto, upande wa juu wa Mohoro. Mafuriko yakishashuka sisi hulima kwenye tope lililobaki, na mahindi ya tope hayalindiki mtu akilala kijijini. Kila nyumba hujenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu. Unapanda kwa ngazi, unafukuza nguruwe na nyani ukiwa huko huko juu. Mgeni alipoliona dungu letu alisimama chini yake na kanzu yake nyeupe, kinywa wazi.

"Mnalala humu?"

"Ulitaka tulale chini na viboko?" mama akamjibu.

Baba alimpenda tangu siku ile. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza baba habari za mahali alipozaliwa. Alimzungusha kwa mtumbwi, akamwonyesha bwawa la viboko na miti inayolala ndege weupe mpaka majani hayaonekani. Akamteremsha kule mto unakogawanyika, mikokoni, kwenye makaburi ya watu wa kale ambao sisi wenyewe hatuwajui. Maandishi yake yameliwa na chumvi. Baba alisimulia kwamba mgeni alipitisha kidole juu ya jiwe moja muda mrefu, akasoma jina la Mungu, mengine hakuweza.

Akirudi alikaa na baba kivulini chini ya dungu akiuliza. Nani alitangulia kulima hapa? Mafuriko makubwa yalichukua kijiji gani? Ngoma hii huchezwa lini? Yote aliyaandika.

"Kwetu Unguja," alisema, "Rufiji ni boriti basi. Tunalala chini ya boriti zenu maisha yetu yote, wala hakuna anayeuliza zimetoka kwa nani."

Mama alikuwa anapepeta mchele. "Bwana mgeni, kwenu huna shamba?"

"Ninalo, bibi."

"Mke?"

"Ninaye."

"Basi una wazimu."

Alicheka sana. Mtu yule alijua kucheka, nalisema hilo ili msimdhanie mwenye kiburi.

Kisha habari zikaja. Waliokwenda juu ya mto kuchukua dawa ya maji wamerudi, wamejifunga mabua ya mtama kichwani, wanasema risasi ya Mdachi itageuka maji. Pamba ya jumbe imeng'olewa. Njia ya Mohoro haipitiki, na anayeonekana amevaa kanzu anahesabiwa mtu wa boma.

Mama akasema, "Mvalishe kaniki, mpitishe mikokoni leo hii."

Mgeni aliishika ile kaniki, akairudisha. "Kwetu hii ni nguo ya mtumwa," alisema kwa upole. Hakuivaa.

Baba hakumlazimisha, maana alikuwa na tegemeo jingine. Mkubwa wa kikosi cha hao wenye dawa kilichokuwa kinakuja upande wetu alikuwa mtani wetu, mtu wa Umatumbi. Msiokulia huku niwaeleze. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atakunyang'anya kuku, atasema umekufa na unanuka, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umemkana. Ukicheka naye, hawezi kukudhuru, wala hawezi kuwaacha wenzake wakudhuru. Baba akaona njia ni hiyo: mtani akishamfanyia mgeni utani, na mgeni akacheka, basi keshaingia nyumbani, amepona.

Hakumweleza mgeni. Kwetu mtoto anaujua utani kabla hajang'oa meno ya utotoni, na baba hakudhani yupo mtu mzima duniani asiyeujua. Alimwambia tu, "Usihofu, anayekuja ni mtani wangu." Mgeni akaitikia, "Alhamdulillahi."

Walifika jua limeshapanda. Mimi na mama tulikuwa juu ya dungu, baba na mgeni chini. Walikuwa wengi, na mikuki, na bunduki chache za gumegume. Mtani alitangulia.

"Wewe mla kambale!" akamwita baba. "Umefuga nini humu?"

"Maiti," baba akasema. "Nakungoja wewe uje uzike. Umechelewa, mwenyewe keshaanza kunuka."

"Maiti gani ndevu zimechanwa hivi?"

"Alichana mwenyewe. Alijua mtakuja nyie wachafu."

Vijana wakacheka. Nikaona mabega ya baba yanashuka. Mama akanifinya paja, nikajua naye anapumua. Mtani akamzunguka mgeni, akamnusa kama anavyonuswa samaki. "Kweli amekufa. Tena maiti wa tajiri. Basi kanzu haina kazi tena, maiti huvishwa sanda." Akaishika kanzu kifuani, akaanza kuivuta juu.

Ni hapo. Mgeni alipaswa kulegea tu, macho afumbe, au acheke kama alivyocheka na mama. Aliupiga ule mkono.

"Ondoa mkono wako, mshenzi!"

Baba alicheka, peke yake. Mtani naye hakutaka kuliacha jambo lianguke, nilimwona. Aligeukia wenzake akapaza sauti, "Maiti anasema! Mtieni vumbi, huyu hajafa sawasawa!" Akachota vumbi, akammwagia kichwani. Alikuwa anamwokoa. Kila aliyesimama pale alijua anamwokoa, isipokuwa yule anayeokolewa.

Mgeni alijifuta uso. "Nitawasema bomani," alisema. "Nyote. Nimewaona nyuso."

Hakuna aliyecheka tena. Kijana mmoja akasema, "Kumbe wa boma kweli," na wengine wakasogea mbele. Mtani akamtazama baba, baba akamshika mkono.

"Mtani, ni mgeni wangu. Amekula kwangu."

"Najua."

"Hajui lolote, ni mtu wa kutazama tu."

"Najua, bwana. Lakini wamesikia."

Akauondoa mkono wa baba polepole, kidole kimoja kimoja. Wakamchukua mgeni. Alikuwa anageuka nyuma akimwita baba, "Waambie! Waambie mimi ni nani!" Baba akawafuata, wakamwelekezea mikuki, akasimama. Akaendelea kusimama hata walipokwisha kupotea. Mama aliteremka, hakumlaumu. Angemlaumu kwa lipi?

Baadaye askari walikuja wakachoma madungu na ghala, tukakimbilia visiwa vya mikoko, tukala mizizi. Hayo yaliwapata wote. Habari za mgeni tulizisikia namna mbili: wengine walisema aliuawa siku ile ile, wengine kwamba aliachwa njiani akatoroka. Baba alimtafuta mtani amwulize, akaambiwa Wadachi wamemnyonga.

Amani iliporudi, alikuja mtu mwingine kutoka Unguja. Alikuwa ndugu yake mgeni, sura ile ile. Alikuwa ameuliza kijiji kwa kijiji mpaka akafika kwetu. Baba alimweleza yote, hata la kutomweleza ndugu yake utani hakulificha. Yule bwana alisikiliza, kisha akasema, "Nipeleke."

Tukaenda tukamwonyesha ukingo, na ile njia waliyopita mpaka inapoingia matetani. Mbele ya hapo hatukuwa na la kumwonyesha. Alitawadha, akaelekea kibla, kisha akageuka kwa baba.

"Nimsomee kama marehemu, au kama msafiri?"

Baba akageukia matetani. Mimi nilikuwa nimesimama na kata ya maji mkononi, nikatazama chini. Yule bwana akangoja. Alipoona hajibiwi, akanyanyua mikono, akasoma dua zote mbili.