Suruali ya Iakovos

Bi Anezina alishuka ngazi za makumbusho ya mvinyo taratibu, mkono ukutani. Chini, mlinzi Zannis alimpokea kwa utani, kama kila Alhamisi.

"Karibu, mama! Umekuja kumwangalia mzee wako?"

"Leo namvua suruali, na wewe utashuhudia."

Hakuwa akitania. Nguo za marehemu mumewe, Iakovos, alizigawa zote baada ya arobaini, kwa kuwa majirani walimwambia zinamrefushia huzuni. Majirani nao! Kwa mdomo hawajambo, ila usiku hawalali kwako. Miaka mitatu sasa, mtoto yuko Australia, na nyumbani hakikubaki hata kifungo cha shati. Suruali moja tu ilisalia kisiwa kizima cha Santorini, ile aliyowapa makumbusho, nayo ilivishwa sanamu huku chini, likijifanya linakanyaga zabibu ndani ya hodhi kavu. Bi Anezina alikuwa ameiomba irudi. Wakubwa wakakubali, wakatoa nyingine mpya.

"Chukua, mama. Ni yako."

Kiraka cha gotini kilikuwa palepale, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, maana wa buluu ulimwishia Bi Anezina siku aliyokishona. Iakovos alinuna wiki nzima: "Umenifanya jogoo!" Lakini aliivaa kila mavuno, mpaka miguu ilipomkataa.

Bi Anezina akalivua sanamu suruali. Ikamlalia mikononi, nyepesi, haina mtu. Akaipeleka puani, vumbi tupu. Hapo akaiona akilini, imekunjwa kabatini nyumbani, naye kitandani upande wake uleule, na Alhamisi imefika hana pa kwenda. Akaogopa. Wallahi, aliogopa kuliko siku ya maziko.

"Mvishe," alisema.

"Hii mpya?"

"Mpya ya nini? Hii hii. Kwangu italala tu. Hapa angalau ina miguu."

Wakasaidiana. Akaukunja mguu wa kushoto juu kuliko wa kulia, kama Iakovos alivyopenda mwenyewe, akakipangusa kiraka kwa ncha ya kitambaa chake cheusi. Zannis utani ulimwisha.

"Haya, mama. Alhamisi?"

"Alhamisi, mwanangu."

Akapanda juu, akapita kati ya mizabibu iliyosukwa chini kama matenga, upepo ukimvuta sketi. Hata saa nne ilikuwa haijafika. Siku saba nzima, na hana wa kusema naye.